Siku Mama Bupe Alipokimbia na Shaba

Isakwisa alipostaafu kazi ya kutunza mbwa wa ulinzi kwenye shamba moja la chai huko Mufindi, meneja wake alimzawadia mtoto wa mbwa, jike, wa jamii ya rijibeki. Ni wale mbwa wakubwa wekundu ambao nywele za katikati ya mgongo huota kinyume, zikielekea kichwani, kama mfereji uliokosea mteremko. Akamwita Shaba, akamlea nyumbani kwake Mafinga, na alipokomaa akaanza kumpeleka kwenye maonyesho ya mbwa wa mbegu safi. Huko majaji hutazama umbo: meno, mabega, namna mbwa anavyosimama na anavyokimbia. Mbwa akishinda mbele ya majaji watatu tofauti, hupewa cheo cha Bingwa, na neno hilo hutangulia jina lake maisha yake yote.

Shaba alikwisha kushinda mara mbili. Matilda, mkewe Isakwisa, hakwenda kuona hata mara moja. Siku za maonyesho yeye alikuwa kwenye kwaya au kwenye viazi vyake, na aliwaambia wenzake kanisani kwamba mzee ameoa mke wa pili, mwenye mkia.

Kisha, mvua zikiwa zimepamba moto, Isakwisa akapatwa na kiharusi. Alirudi kutoka hospitali mkono na mguu wa kulia vikiwa vizito, na maneno yakimtoka moja moja, kama mtu anayeokota punje. Alishinda barazani akitazama malori ya mbao yakipita. Uji hakuutaka, wageni hakuwataka. Mtaalamu wa mazoezi alimwambia autumikishe mkono mgonjwa, Matilda akamnunulia mpira wa kubinya, naye akauacha sakafuni.

Jioni moja Matilda alimkuta anampiga Shaba brashi kwa mkono ule ule. Alianzia shingoni, akashuka taratibu hadi mkiani. Brashi ilipomponyoka, Shaba alisimama tuli, hakujitikisa, mpaka mzee alipoiokota tena. Matilda alibaki mlangoni na sufuria mkononi, akimtazama mbwa yule kana kwamba ndiyo kwanza aletwe pale nyumbani.

Asubuhi aliitungua kamba ya Shaba ukutani, akaja nayo barazani.

"Baba Bupe," alisema, kwa kuwa alimwita kwa jina la binti yao, "nifundishe."

"Nini?"

"Kukimbia naye. Si umebaki ushindi mmoja tu?"

Isakwisa alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Mkewe alikuwa anakaribia miaka sitini, mwili umejaa, magoti yanamsumbua, na haya zake zilijulikana; hata kwenye kwaya alisimama mstari wa nyuma. Lakini alikuwa amekwisha kuvaa raba za binti yao.

Walifanyia mazoezi kwenye njia ya nyuma ya kiwanda cha mbao, ambako vumbi la msumeno limetanda chini na magoti hayaumii sana. Isakwisa alikaa juu ya gogo, akaelekeza kwa mkono wa kushoto. Kamba ilegee. Mbwa asivutwe. Usimtazame mbwa, tazama mbele. Vijana wa kiwanda walicheka siku za mwanzo. Baadaye, walipoona sauti ya mzee haifiki mbali, wakawa hawawashi msumeno mpaka mama amalize.

Maonyesho ya kwanza yalikuwa Mbeya. Walipelekwa na Shamsudin, jirani yao, mfanyabiashara wa mbao. Kwa dini yake hakumgusa mbwa, ila nyuma ya pikapu yake alikuwa amemtandikia Shaba jamvi na kumkingia upepo kwa turubai. Siku ile Shaba alisimama vizuri, akakaguliwa meno vizuri. Walipoambiwa wakimbie, akamwona Isakwisa amekaa chini ya hema. Akamburuta Matilda uwanja mzima, akaenda kulaza kichwa mapajani pa bwana wake. Watazamaji walicheka, na jaji akawaomba watoke.

Njiani Matilda alilia, akisema amemwaibisha. Isakwisa alitikisa kichwa kukataa.

Maonyesho yaliyofuata yalikuwa Iringa. Walipofika Ipogolo, kabla ya kupanda mlima kuingia mjini, Isakwisa alimgusa Shamsudin begani, akaomba ashushwe. Dada yake Shamsudin, Hanifa, alikuwa na mgahawa pale kando ya barabara kuu.

"Mimi nabaki hapa," alisema.

Matilda alimkatalia. Alimkumbusha kwamba siku hii ameingoja miaka yote, na kwamba yeye peke yake hawezi.

"Akiniona, hakimbii," Isakwisa alisema. "Nenda naye, mama. Ushindi ni wenu."

Kwa hiyo Matilda aliingia uwanjani peke yake. Jaji, mwanamke mwembamba aliyetoka Afrika Kusini, alipitisha vidole juu ya ile njia ya nywele mgongoni, akarudi nyuma, akawaashiria wakimbie. Matilda alitazama mbele. Alisikia pumzi ya Shaba ikienda sawa na yake, na kamba ilikuwa nyepesi mno hata akadhani imemtoka mkononi. Alipomaliza mzunguko, jaji alimpa mkono yeye kwanza, kisha akainama kumshika Shaba kidevu. Matilda hakuelewa kwamba wameshinda mpaka Shamsudin alipoanza kupiga makofi kule nje ya kamba ya uwanja.

Isakwisa alikuwa bado kwenye kiti kile kile, chai imepoa. Matilda alimwekea utepe wa ushindi wa tatu mapajani, akaanza kumsimulia: Shaba alivyosimama, alivyofunguliwa kinywa, mkia ulivyokaa. Isakwisa alisikiliza, macho yamelowa. Kisha akamkatiza.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe. Ulikimbiaje?"

Matilda alimgeukia Shamsudin, naye akasema kwamba mambo ya mbwa hayajui, yeye muda wote alikuwa anamtazama shemeji.

"Basi nionyeshe," Isakwisa alisema.

Mbele ya mgahawa malori yalikuwa yameegeshwa kwa mstari, madereva wanakula. Matilda alijifunga kitenge vizuri, akaishika kamba, akaanza kukimbia kando ya magurudumu yale makubwa, kichwa juu, Shaba ubavuni mwake. Isakwisa alijivuta hadi mlangoni ili awaone vizuri. Dereva mmoja aliacha tonge, akamuuliza Hanifa kuna nini. Hanifa akamwambia yule mama anamwonyesha mumewe kitu. Matilda alifika lori la mwisho, akageuka, akarudi akicheka.

"Ndaga fijo," Isakwisa alimshukuru kwa Kinyakyusa, lugha yao ya nyumbani, na maneno yakatoka yote mawili kwa pamoja.