Kifaru cha Mziwanda

Jumamosi, vyombo vilipokwisha oshwa, fundi wa meno bandia alipangusa makombo mezani akapanga milima. Milima ile aliimimina mwenyewe kwa plasta ya vipimo vya meno. Ukiipindua, kwa chini utaona mataya ya wateja wa zamani, baadhi yao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Katikati lilipita bonde jembamba. Juu ya miamba walijibanza askari wa miguu wa Ethiopia, kila mmoja na shuka lake jeupe. Bondeni vilisimama vifaru vya Wataliano, vile vidogo vya watu wawili, ambavyo bunduki zake hazizunguki. Kimoja kikitaka kupiga kushoto, sharti gari zima ligeuke.

Mchezo huo wa vita ulikuwa wa mdogo wake, kitindamimba wa nyumba, ambaye watu wote walimwita Mziwanda. Ndiye aliyeuleta, ndiye aliyezijua kanuni zake za dadu na rula, na ndiye aliyekataa katakata kucheza upande wa Mtaliano.

"Mimi niingie kwenye debe lile? Hata kwa mzaha sitaki, Dada."

Basi Dada akawa Mtaliano, maana lazima mtu awe. Kila Jumamosi Waethiopia walishuka kimyakimya, wakavijia vifaru kwa nyuma ambako bunduki haifiki, wakavipanda. Hapo Mziwanda aligonga kifuniko kwa ukucha na kusema, "Hodi! Tokeni nje, chai imeiva." Mama, aliyekuwa hatoki kitini kwa sababu ya magoti, alicheka mpaka akakohoa.

Kisha wakala wa ajira wa ng'ambo ya barabara akampatia Mziwanda kazi ya ulinzi nchi za watu. Kulinda ghala, alisema. Kijana aliondoka mchezo ukiwa nusu. "Msiguse," akasema, "nitakuja kumalizia." Haukupita muda simu yake ikawa haipatikani.

Jumamosi moja Dada alisukuma kifaru kimoja, ili tu kisishike vumbi. Alikwenda jikoni kumwaga maji, aliporudi akakuta Mwethiopia mmoja ameshuka kutoka jiwe hili hadi lile. Akachukua rula akapima. Hatua ilikuwa halali.

"Mama, Mziwanda amecheza."

"Amecheza vizuri?"

"Amejibanza nyuma ya jiwe."

"Ana akili mtoto yule," alisema Mama, akaomba apewe miwani yake.

Ikawa ndiyo desturi. Majirani walipoulizia habari za kijana, waliambiwa amesogea kidogo, nao wakasema alhamdulillahi au Mungu ni mwema, kila mtu kwa imani yake. Dada alivirudisha vifaru vyake nyuma, akavificha, akavigeuzia ukutani. Tangu vita viumbwe hakujapata kuwa na Mtaliano mwoga kiasi kile. Hakuwa na hamu ya kushinda. Alikuwa na hamu ya mdogo wake, kelele zake, hata ule ufidhuli wake wa kudokoa nyama kwenye sahani ya mwenzake. Hilo hakulificha.

Ikafika Jumamosi ambayo Waethiopia hawakusogea. Chai ikapoa. Halafu kifaru kimoja, cha upande wa Dada, kikajigeuza polepole kuelekea bondeni.

"Amesogea?" Mama aliuliza.

"Amesogea."

"Mbona sauti hiyo?"

"Mama, yuko ndani ya debe."

Mama alivua miwani yake. "Wamemtia," alisema. "Kwa hiari yake asingeingia."

Kwa hiyo Dada akawachukua Waethiopia. Alicheza kama aliyezaliwa milimani. Aliwashusha mmoja mmoja, akakizunguka kile kifaru, akawapandisha juu yake. Akaweka dadu pembeni, akagonga kifuniko kwa ukucha.

"Hodi. Toka nje, chai imeiva."

Kutoka ndani kukagongwa mara mbili.

"Ndiye," alisema Mama. "Huyo hajapata kugonga mara moja tangu azaliwe."

Lakini hapakuwa na pa kutokea. Vifaru vile Dada aliviunda kwa plastiki ya waridi ya kutengenezea ufizi, kipande kimoja, bila uwazi. Alitaka kuchonga kifuniko cha kufunguka, ila Mziwanda alikuwa na pupa ya kucheza. "Paka rangi tu, Dada, nani atafungua?" Akakichora kifuniko kwa brashi, na bawaba zake. Sasa alikwenda kuchukua mashine ya kuchongea meno.

"Utamtoboa kichwa," alisema Mama.

Dada akairudisha.

Jumatatu wakala alikuja. Meno yake ya juu, aliyotengenezewa na Dada kabla ya mambo hayo yote, yalikuwa yanambana. Aliyavua, akakaa akisubiri mdomo umebonyea, na kule mezani kukagongwa mara mbili.

"Kijana wenu huyo?"

"Ndiye."

"Walimhamisha. Mle ndani joto tu, lakini ni salama."

"Ulisema ghala."

"Ghala lilisogea, Fundi."

"Na kurudi?"

"Mkataba unajirefusha wenyewe. Ndivyo ulivyo."

Dada alisugua pale palipobana, kwa kuwa kazi ni kazi. Wakala akayavaa, akang'ata, akatabasamu. Alivuka barabara akaenda kuwatabasamia vijana waliopanga foleni mlangoni pake, na yale meno yalimkaa vizuri hivi kwamba Dada aliichukia mikono yake mwenyewe.

Jumamosi foleni ilikuwa imefika dirishani kwao. Dada akafungua akawaambia, "Jamani, kazi hiyo si ya ghala."

"Tunajua, Dada," mmoja alijibu kwa adabu. "Ila kukaa bure tumeshakaa."

Akarudi mezani. Aliwashusha Waethiopia kutoka juu ya kifaru, akawasogeza kando, njia ya nyuma ikawa wazi. Kifaru kikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea ukingo wa meza, upande wa Mama. Kanuni zinasema arudiye nyuma aende nusu ya mwendo.

"Mbona hageuki?" Mama aliuliza.

"Akigeuka, bunduki itakuelekea wewe."

"Ehee." Mama alilitafakari neno hilo. "Mwambie asiharakishe. Sina safari."

Akashika ukingo wa meza, akajivuta na kiti chake mpaka magoti yakaingia chini, akakunjua upindo wa gauni na kuutandaza mapajani, tayari kumpokea. Dada akagonga kifuniko kumjulisha mdogo wake kuwa zamu bado ni yake. Kifaru kikasogea upana wa kidole, kikasimama. Rangi ilikuwa imeanza kubanduka kwenye bawaba, na chini yake ilionekana ile plastiki ya waridi, nzima, isiyo na ufa.