Saa Kumi ya Pangoni

Tulikuwa tumeshatoka langoni, mimi mbele na wageni wanne nyuma, mpwa wangu mwenye nyumba ya wageni aliponiita.

"Mjomba, saa za maji umeziangalia?"

"Nimeziangalia."

Karatasi ya maji kupwa na kujaa ilibandikwa mlangoni pake. Iliandikwa: maji kupwa, 10:00. Saa kumi, basi. Mpwa wangu alinipa chumba nyuma ya jiko kwa sharti moja tu, niwafikishe wageni wake kwenye pango la ufukweni bila kumtia aibu. Baada ya miaka arobaini ya kutangatanga, sikuwa na kitanda kingine duniani.

Tulifika saa kumi alasiri. Pango halikuonekana. Bahari ilikuwa imejaa hadi kwenye ngazi.

"Pango liko wapi, mzee?" aliuliza mmoja wa wageni, mwalimu mstaafu.

"Lipo. Linaoga."

Akafungua simu, alikuwa ameipiga picha ile karatasi. "Hii ni saa ya kizungu, mzee wangu. Kumi yao ni saa nne yetu ya asubuhi. Maji yalikupwa ukiwa unakunywa chai."

Na mimi ndiye niliyekuwa nikijisifu njia nzima kwamba nimefanya kazi bandari tisa.

Kesho yake mpwa wangu aliwapeleka mwenyewe, wakaliona. Mwalimu amesharudi mara mbili. Kitanda sikunyang'anywa, mpwa wangu alisema damu ni nzito kuliko maji, ingawa maji ya siku ile yaliikaribia. Siku hizi nawaonyesha wageni mnara wa taa. Haupwi wala haujai.