Nusu ya Picha ya Horácio

Deolinda hakumwonea wifi yake Zulmira kijicho kwa nyumba wala kwa shamba la mizabibu. Alimwonea kwa jambo moja tu: Horácio, mwana wa Zulmira, alikuwa amevikimbia vita, na Abílio, mwanawe yeye, alikuwa askari huko Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, akitembea juu ya mabomu yaliyotegwa ardhini.

Pale kijijini, Ureno, karibu na mpaka wa Hispania, mwaka ule wa sitini na tisa, hakuna aliyevipenda vita vile. Padri akianza habari za taifa, wanaume walikohoa mpaka abadilishe mahubiri. "Hao wa Msumbiji wamenikosea nini mimi?" seremala alikuwa akiuliza. "Hata kuku wangu hawajaniibia." Kwa hiyo vijana walitorokea Ufaransa, wakivushwa milimani na Evaristo. Anayeondoka alipiga picha, ikachanwa katikati: nusu kwa mama, nusu akaondoka nayo. Akifika salama, aliirudisha nusu yake kwa posta, na mama akapata usingizi.

Armindo, mwana wa pili wa Deolinda, alikuwa ametakiwa kuripoti kambini Jumatatu. Jumamosi Evaristo angemvusha. Picha yake ilikwisha kuchanwa.

Siku kumi kabla ya Jumamosi hiyo ndipo nusu ya Horácio ilipofika. Barua zote za kijiji ziliachwa dukani kwa Deolinda. Aliipapasa bahasha ya Ufaransa, akahisi ile karatasi ngumu iliyochanwa, na mtu mwenye utu angetoka mbio kumwita wifi yake. Yeye aliisukumiza chini ya gunia la chumvi.

"Acha naye aonje," alijisemea. "Siku mbili tu. Mimi naonja mwaka wa pili huu."

Siku mbili zikapita, zikaja nyingine, na Mungu anisamehe kwa kulisema, mama yule alizifurahia. Kila asubuhi Zulmira aliingia dukani, macho yamevimba.

"Wifi, hamna kitu?"

"Hamna, wifi yangu. Posta ya Ufaransa nayo, unaijua mwenyewe."

Asubuhi moja ilikuja barua ya Abílio. Zulmira aliibusu kabla hata mwenyewe hajaifungua, akasema, "Angalau wako anaandika. Laiti ningekuwa mimi."

Maneno hayo yalimwingia Deolinda kama mvinyo mtamu. Tangu mwanawe achukuliwe, hakuna mtu aliyewahi kumwonea wivu. Siku ile alipika chewa kwa viazi, akala akashiba.

Ijumaa Zulmira aliingia amevaa nyeusi tupu, toka kichwani mpaka miguuni. Hakuulizia barua.

"Horácio hayupo tena," alisema. "Evaristo anaapa kwamba alimfikisha. Sasa nusu iko wapi? Amemwacha kwenye theluji kule, mwongo mkubwa yule. Mume wangu na ndugu zake wamemwendea alfajiri. Wamemvunja miguu yote miwili."

Deolinda aliacha kumenya njegere. "Miguu ya Evaristo?"

"Yote miwili. Hatavusha mtoto wa mtu tena." Zulmira akamshika mkono. "Usilie, wifi. Mimi langu limekwisha, lakini Armindo wako nimekuokolea. Kesho angempeleka kufa."

Deolinda alilisogeza gunia. Akaitoa ile bahasha, imejaa vumbi la chumvi, akaiweka mezani, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Zulmira hakuuliza imefika lini. Alitoa nusu yake kifuani, akaziunganisha, na kijana wake akamtazama mzima mzima, mashavu yote mawili. Akacheka, akalia, akapiga magoti palepale kwenye maganda ya njegere.

Bila Evaristo, Jumatatu Armindo angekwenda kambini, na Deolinda alijua vizuri sana ni nani aliyempeleka. Na hata hivyo, alipomwona wifi yake akiibusu ile picha, kilichomchoma kwanza kilikuwa kijicho.