Bei ya Namba Saba

Seremala hakubisha hodi. Aliingia karakana amenuna, akatupa penseli yake mezani na kusema, "Dada, kama umepata seremala mwingine si ungeniambia tu? Mimi ni mtu mzima. Kuninyamazia ndiyo nini?"

Fundi wa spika, ambaye mtaa mzima ulimwita Masikio, alikuwa anachomelea waya. Akaweka kazi chini.

"Nimepata seremala gani?"

"Miezi miwili hujanipa kasha hata moja. Jana napita dukani kwa shemeji yako, naona jozi tano zimesimamishwa dirishani kama maharusi. Nani kazitengeneza hizo?"

Jozi alizozijua Masikio zilikuwa mbili tu duniani: moja ipo nyuma yake, imefunikwa shuka kuukuu, na ya pili ndiyo aliyompa shemeji kwa ajili ya kuwasikilizisha wateja. Hizo tano zilitoka wapi?

"Umeona vizuri?" aliuliza.

"Dada, yale makasha nimeyaranda kwa mikono yangu. Nitashindwa kuyajua? Umbo ndilo, rangi ndiyo. Lakini si kazi yangu zile."

Masikio alivua aproni, akaitupa kitini, akachukua bisibisi na kuitia mfukoni. "Twende," alisema.

Kwa miaka ishirini Masikio alikuwa akitengeneza spika za watu wengine. Alishafungua za kumbi za harusi, za magari, na zile za sebule za matajiri ambazo bei yake ingejenga chumba na choo. Ndiyo maana hasira yake na spika ilikuwa ya zamani. Kila alipofungua ya bei mbaya na kukuta mle ndani fundi wa kiwandani kabana gharama, waya mwembamba kama uzi, ubao usiozidi unene wa kidole, alikasirika kama aliyeibiwa yeye. "Tazama," angemwambia yeyote aliye karibu, hata kama ni muuza karanga aliyepita tu. "Nje suti, ndani matambara!"

Basi akajiapia kutengeneza yake. Spika ya nyumbani, ya mtu anayekaa kitako asikilize, ambayo hata ukiifungua hutakuta uongo. Ya kwanza ilinguruma kama mashine ya kusaga. Ya pili na ya tatu hazikufika popote. Ya nne ilikuwa nzuri mpaka mwimbaji wa kike alipoingia, akasikika kama anaimbia ndani ya pipa. Ya tano aliivunja kwa nyundo mchana kweupe, majirani wakatoka kuchungulia. Ya sita ilikaribia. Ya saba aliifunika kwa mbao za tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, akaweka mihimili ndani ili kasha lisitetemeke, akasokota mwenyewe koili za waya mnene wa shaba za ile saketi inayogawa sauti, nene iende chini na nyembamba iende juu. Kila spika ilikuwa na kilo arobaini na mbili. Aliiita Namba Saba, hakuona haja ya jina jingine.

Mtu wa kwanza kuisikiliza alikuwa mdogo wake. Alikaa kwenye kigoda cha karakana, mkoba mapajani, na wimbo ulipoanza akashika mdomo. "Dada! Anavuta pumzi! Nimesikia anavuta pumzi kabla ya kuimba!" Machozi yakamtoka. Kesho yake akamleta mumewe, mwenye duka kubwa la fanicha.

Bei waliipanga kwenye meza ya chakula ya mdogo wake. Masikio alikuja na karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Mbao na gundi, laki nne. Koni na sumaku, laki tisa. Koili na kapasita, laki tano. Seremala, laki tatu. Mikono yake yeye mwenyewe, laki sita. Faida, laki tatu. Jumla milioni tatu kwa jozi. Alilala vibaya siku mbili akiiwazia ile laki tatu ya faida, akiona kama anapora watu.

Shemeji aliisoma karatasi akitabasamu, halafu akaikunja na kuiweka chini ya kikombe.

"Tisa," alisema.

"Tisa imetoka wapi, shemeji?"

"Kwenye uso wa mteja. Shemeji yangu, bei haitoki kwenye misumari. Ukimwambia tatu, atakuuliza ina kasoro gani. Ukimwambia tisa, atakuuliza kama tunapokea hundi."

Mdogo wake alicheka. Masikio hakucheka. Palepale alitaka kuchukua karatasi yake aondoke, lakini shemeji alikuwa na ulimi wa asali: kinachozidi watagawana nusu kwa nusu, watajenga karakana ya maana, yenye paa lisilovuja. Akaleta makaratasi ya kusaini. Jina nalo lilishabadilika, Namba Saba ikawa Sultana. Masikio akameza. Akasaini kila alipoonyeshwa, hakugeuza hata ukurasa mmoja kusoma nyuma yake.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyatafuna njia nzima wakienda dukani, na kila hatua akijitukana kimoyomoyo. Seremala alikuwa nyuma yake, akijitahidi kwenda sambamba.

Duka lilinukia ngozi mpya na vanishi. Kwenye kona ya kusikilizia, juu ya zulia, shemeji alikuwa amesimama kando ya mteja aliyeketi, mama mmoja wa makamo, daktari wa meno, kitabu cha hundi kikiwa tayari kwenye goti lake. Mbele yao Sultana mbili zilikuwa zinaimba, zimezungushiwa utepe wa rangi ya dhahabu ambao Masikio hakuwahi kuuweka.

Hakuhitaji kukaribia. Akiwa bado mlangoni alisikia besi inakohoa. Sauti ya mwimbaji ilitoka imefungwa kitambaa, na pale alipopaswa kuvuta pumzi palikuwa kimya, pamefutika.

"Nini hiki?" alisema.

Shemeji aligeuka. Uso ulimshuka, kisha ukapanda haraka na tabasamu. "Ah! Huyu hapa ndiye mbunifu wetu! Shemeji, karibu, tunamalizia hapa na daktari, subiri ofisini basi tuletewe chai."

"Chai peleka kwenu. Nimeuliza, nini hiki?"

Alipita katikati yao, akagonga kasha kwa vifundo vya vidole. Namba Saba ukiigonga ni kama umegonga ukuta wa jiwe, haijibu kitu. Hii ilijibu *bung'*, kama debe.

"Shemeji, tusiongee mbele ya wageni."

"Wageni ndio wanaotoa milioni tisa! Tuongee nyuma yao?" Alishachomoa bisibisi. Alipiga magoti nyuma ya spika, bisibisi ikamteleza mara mbili. Muuzaji mmoja alisogea kumzuia, seremala akajisimamisha katikati, kifua mbele.

Kifuniko cha nyuma kilitoka. Kasha lilikuwa la ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, umebandikwa ngozi nyembamba ya mti mzuri juu. Mihimili hakuna. Saketi ilikuwa na koili moja tu, ndogo kama kitasa, ya waya mwembamba. Masikio aliingiza mkono chini zaidi, akagusa kitu kikavu kinachokwaruza. Akakivuta. Gundi ikaachia kwa mlio wa kuchanika.

Lilikuwa tofali. Nusu tofali la saruji.

Sultana ya pili iliendelea kuimba peke yake hadi seremala alipoizima.

"Ni la uzito," shemeji alisema kwa sauti ndogo. "Wateja wanapenda kitu kizito."

Masikio alisimama na tofali mikononi. Kwa sekunde chache hata yeye hakujua atalifanyia nini. Seremala naye alidhani litaruka, maana alirudi hatua moja. Lakini alilibeba mpaka kwenye zulia na kuliweka miguuni kwa daktari wa meno, taratibu, kama anayemkabidhi mtu mtoto.

"Mama, hii ndiyo milioni tisa yako," alisema. "Mimi niliyeibuni naomba radhi."

Daktari aliinama, akachungulia ndani ya kasha kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande kidogo. "Miaka thelathini nachungulia ndani ya vitu vinavyong'aa kwa nje," alisema. "Na leo nilikuwa naingizwa mjini." Akafunga kitabu cha hundi.

Hapo ndipo shemeji naye alipopandisha. "Unajua kodi ya duka hili? Unajua mishahara? Ningejenga zile za kwako, ningebaki na nini? Na nani anasikia tofauti? Wewe tu! Hayo masikio yako hayalipi umeme!"

"Tisa nilikuvumilia," Masikio alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka badala ya kupanda, jambo lililomtisha hata yeye. "Ilinikera, lakini nilikuvumilia. Nikasema basi, mwenye pesa atatoa, ilmradi mle ndani mna kazi yangu. Kumbe mle ndani umeniwekea tofali. Iko wapi jozi niliyokupa?"

Shemeji akatazama pembeni.

"Iko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwangu. Sebuleni."

Seremala ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kikavu cha mtu asiyefurahi. Masikio alichelewa kidogo kuelewa, na alipoelewa damu ilimchemka upya, kuliko hata alipolishika tofali. "Kumbe unasikia tofauti!" alipiga kelele. "Unasikia tofauti vizuri sana! Wewe unalala na pumzi za waimbaji, wenzako unawauzia debe!"

Kutoka hapo Masikio na seremala walikodi gari dogo la mizigo moja kwa moja hadi nyumbani kwa mdogo wake. Mdogo wake alifungua mlango akiwa na taulo kichwani, akatabasamu, kisha akaona uso wa dada yake na tabasamu likafa.

"Nimekuja kuchukua spika zangu."

"Dada, si ulinipa zawadi?"

"Nani kakwambia?"

"Yeye. Alisema umesema nizipate mimi kwanza kwa sababu nililia siku ile."

Masikio alishika fremu ya mlango. Hapo alimchukia yule mwanamume kwa namna ambayo alikuwa hajawahi kumchukia mtu, kwa sababu alikuwa ameiba hata hilo, zawadi ambayo yeye mwenyewe angepaswa kuitoa na hakuwahi kuifikiria. Alimweleza mdogo wake yote, la koili, la tofali, la hundi iliyokuwa gotini. Alieleza kwa ukali, kana kwamba mkosaji ni huyo aliyekuwa akimsikiliza, na alipomaliza mdogo wake alikuwa amekaa kwenye ngazi.

"Ukizichukua ataniuliza," alisema.

"Mwambie nimezichukua."

"Wewe unaondoka. Mimi ninabaki humu."

Masikio aliingia ndani, akang'oa nyaya. Seremala alishika spika ya kwanza upande mmoja, na Masikio alipoinama kushika upande wa pili mgongo ukakataa, hasira ilikuwa imemmaliza nguvu. Mdogo wake alimsogeza kwa bega. Alishika mwenyewe, akaibeba na seremala mpaka garini, akarudi kubeba ya pili. Kisha akaingia ndani akafunga mlango, bila kuaga.

Mwanasheria mmoja aliyasoma yale makaratasi kwa dakika kumi. Jina la Sultana lilikuwa la shemeji, alisema, na umbo pia. Cha ndani tu ndicho kilichokuwa cha Masikio, maana hakuna aliyefikiri kukiandika. Shemeji aliendelea kuziuza zile tano, sasa kwa milioni sita, na aliwaambia watu kwamba shemeji yake ana matatizo ya kichwa.

Daktari wa meno alikuja karakana baada ya wiki tatu. Alisikiliza nyimbo nne akiwa amekaa kigodani, paa likidondosha maji kwenye ndoo nyuma yake. Kasha, la umbo jipya lisilo la shemeji, lilikuwa bado mbao tupu, seremala hajalipaka kitu.

"Bei gani?" aliuliza.

Masikio alimpa karatasi. Milioni tatu na laki tatu, shaba ilikuwa imepanda.

"Hupunguzi kidogo?"

"Nipunguze wapi?" Masikio alifoka, akamnyang'anya karatasi. "Nikuchagulie! Nitoe gundi? Nitoe mhimili? Au nimpunguze seremala chakula cha watoto?"

"Mama, taratibu," daktari alisema. "Kila mteja huuliza. Hata mimi wananiuliza jino likiwa limeshang'oka."

Seremala aliangua kicheko. Masikio alibaki amekunja uso, lakini alimrudishia karatasi yake, akaipapasa kuinyoosha kwanza. Daktari alilipa bei yote.

Mdogo wake alipiga simu baada ya miezi mitatu. Hawakuwa wameongea tangu siku ile. "Anasema unamharibia biashara," alisema. "Anasema watu wanaingia dukani wanagonga makasha."

"Wagonge."

Kwa upande wa pili Masikio alimsikia akivuta pumzi.

"Na mimi je, dada?"

Masikio alikuwa bado na hasira. Ilikuwa pale pale, kifuani, kubwa kama ilivyokuwa dukani, na hakuona dalili ya kuipunguza. "Wewe njoo Jumapili," alisema. "Kuna jozi mpya haijapata mtu wa kuisikiliza. Yeye asije."

"Nikija atajua."

"Najua atajua. Utakuja?"

"Nitakuja mchana," mdogo wake alisema, na akakata simu haraka, kama mtu aliyesikia mlango unafunguliwa.