Dizeli Yako Chafu

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, anajua kila kitu. Anajua siasa, anajua dawa za kifua, anajua namna ya kukata vitunguu bila kulia, na tangu tumkaribishe kwenye boti kwa mapumziko mafupi, anajua injini pia. Injini ya boti ya baba yangu! Boti niliyokulia ndani yake, aliyoniachia marehemu kwa mdomo wake mwenyewe, ninayoiendesha tangu kabla sijajua kama duniani kuna mtu anaitwa shemeji.

Injini ilipozima mara ya kwanza, maji pande zote, hakuniuliza hata swali moja la maana. Alishuka kwenye chumba cha injini, akarudi juu na weusi puani, akatangaza: "Dizeli chafu. Ulijaza wapi, shemeji?"

"Pale pale ninapojaza siku zote. Na niliichuja."

"Uliichuja kwa kitu gani?"

"Kwa chujio. Kwani wewe unachujia soksi?"

Mume wangu akakohoa. Akikohoa hivyo maana yake nipunguze mdomo.

Basi bwana mkubwa akaanza kazi. Geji ya tangi ilikufa zamani, kwa hiyo kwanza alifungua kifuniko, akachovya fimbo kuona dizeli imebaki kiasi gani. Kisha akabadilisha chujio, akalegeza nati za mabomba, akapiga pampu ya mkono mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Injini ikawaka. Mume wangu akampigia makofi, makofi ya harusini kabisa. Mimi nikalichukua chujio la zamani, nikamimina kilichomo kwenye glasi. Hapakuwa na tone la maji wala chembe ya taka. Nikawaonyesha. Shemeji akasema uchafu mwingine hauonekani kwa macho. Jamani!

Tukaenda kitambo, injini ikaanza kuishiwa nguvu, ikazima tena. Akafungua tangi, akachovya fimbo yake, akatoa hewa kwenye mabomba, ikawaka. Makofi tena. Tulipotia nanga mume wangu alinifuata jikoni na ile sauti yake laini nisiyoipenda.

"Mimi na kaka tumezungumza. Ikizima tena, usukani atashika yeye mpaka mwisho wa safari."

"Kwenye boti ya baba yangu?"

"Usilichukulie hivyo, mke wangu. Ni kwa usalama wetu."

Damu ilinichemka mpaka masikioni. Wamezungumza! Wanaume wawili wamekaa juu ya boti yangu, wakanijadili kama kiti kinachotafutiwa pa kuwekwa.

Kesho yake ilizima mahali pabaya kuliko pote, kwenye mlango wa bandari, upepo unatusukuma kwenye ukuta wa mawe.

"Nilisema mimi!" shemeji akafoka. "Dizeli yako chafu! Lete usukani!"

Nikamwachia. Sikumtii; nilihitaji mikono yangu miwili. Muda wa kubadilisha chujio na kulegeza nati haukuwepo, lakini katika mbwembwe zake zote kulikuwa na jambo moja alilolitanguliza kila mara bila kulifikiria: kufungua kifuniko cha tangi. Nikakivamia. Kilikuwa kimeng'ang'ania, nikakaza meno, na kilipolegea tangi likavuta pumzi, fyuuu, ndefu, kama ya mtu aliyeondolewa mto wa kulalia usoni. Hapo nikaelewa. Dizeli ilikuwa inatoka na hewa ya kuchukua nafasi yake haiingii, mpaka injini inavuta na haipati kitu. Nikapiga pampu, nikabonyeza stata, ikanguruma. Nikampokonya usukani. Tuliyapita mawe karibu kiasi cha kuona konokono waliojibandika juu yake.

Tulipofika gatini wakashuka wao wawili kufunga kamba. Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye kibomba cha kupitishia hewa ya tangi, kinachotokeza nje chini ya dirisha la chumba cha shemeji. Kilikuwa kimezibwa kwa tambara na sabuni ya kufulia, imekandikwa kwa kidole gumba, kazi safi kabisa.

"Nani kafanya hivi?"

"Kilikuwa kinanuka," shemeji akasema kutoka gatini, bila haya wala soni. "Mtu atalalaje na harufu ya dizeli? Nikakiziba siku ile niliyofika. Mngeniambia kina kazi gani."

Mngeniambia! Nikampa zake zote. Nilimwambia amenivunjia heshima mbele ya mume wangu kwa kosa la mkono wake, amepigiwa makofi kwa ugonjwa alioutia mwenyewe, na alikuwa karibu kutuua. Watu wa boti za jirani walitoa vichwa madirishani. Watoe tu.

Nilipomaliza, mume wangu alishusha pumzi. Nikangoja. Niliamini kabisa kwamba sasa nitaombwa radhi.

"Kaka," akasema, "tusamehe. Mke wangu amezidiwa na hasira."

Nilikwenda kulichukua begi la shemeji, nikaliweka gatini taratibu, nikarudi nikawasha injini.

"Fungua kamba," nikamwambia mume wangu.

"Na kaka je?"

"Kaka amefika."

Alizifungua kamba zote, akazitupa ndani ya boti. Kisha akabaki pale pale, kando ya kaka yake. Nikatia gia.