Askari Waliovikwa Kimaiti

Bibi Shigeno alimwinua askari kwa vidole viwili, akamsogeza karibu na miwani yake, na sebule nzima ya Mzee Tokuji ikasubiri sifa. Kwa miaka arobaini mama huyu alikuwa akishona kimono, yale majoho ya Kijapani yanayopishana kifuani, za nusu ya mji wa Kakegawa. Umbea wa mji mzima ulipitia kwake. Mezani walisimama wenzake mia mbili wa yule askari, kila mmoja sanamu ya madini ya risasi ndefu kama kidole: askari wa miguu wa enzi za majemadari, mikuki begani, kofia pana vichwani, tayari kupelekwa kwenye maonyesho ya ngome.

"Mwalimu," akamwambia Tokuji, "hawa umewaua kabla ya vita?"

Watu wakaangua kicheko.

"Mimi sichekeshi. Tazameni kifuani. Upande wa kulia umelala juu ya wa kushoto. Hivi tunamvika maiti, siyo mtu anayekwenda kupigana."

Kicheko kikakatika. Mtu mmoja akashusha kikombe chake cha chai polepole, kana kwamba kuna mgonjwa ndani.

Tokuji alijua papo hapo. Kalibu ya jiwe, ambamo risasi humiminwa, huchongwa kinyume, kushoto kuwe kulia; na siku ya kuchonga alikuwa na wageni, akiwasimulia talaka ya muuza samaki huku patasi ikijiendea. Kosa lilikuwa lake tangu mkwaruzo wa kwanza. Lakini watu wanane walimkodolea macho, na ulimi wake, uliozoea kufurahisha baraza, ukamponyoka.

"Hapo kwenye nguo nilimwachia Fumie achonge."

Fumie, mjane aliyekuwa akimyeyushia risasi na kuwapaka rangi askari wake kwa miaka tisa, alikuwa anaingia na sinia la machenza. Akalitua. Akapiga magoti, akainama hadi paji la uso likakaribia mkeka.

"Nisameheni nyote. Ni uzembe wangu."

"Aa, dada, inuka bwana! Risasi si inayeyuka tena?" akasema mmoja.

"Ndiyo maana mke wangu simruhusu anifunge mkanda," akadakia mwingine. "Atanizika mzima!"

Wakacheka tena, kicheko cha kumsitiri. Tokuji naye akacheka. Baadaye, wageni walipokwisha kutawanyika, uongo ule aliweza kuutafutia visingizio. Kicheko kile hakukipatia hata kimoja.

Asubuhi alikwenda kwa Fumie kwa miguu. Mlango ukasogezwa kando.

"Mwalimu? Mbona mapema?"

"Zile nguo nilichonga mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Niliona nilipommimina askari wa kwanza. Wiki tatu sasa."

"Na hukuniambia, Fumie?"

"Kila nikija, kuna watu." Alikuwa anaukunja ukingo wa aproni yake, anaukunjua. "Ningekuambiaje mbele za watu?"

Uso wa Tokuji ukawaka hadi masikioni. Wiki tatu mwanamke huyu alikuwa akitafuta dakika moja ya faragha ili asimvunjie heshima. Yeye kumtwika aibu mbele ya baraza zima hakuhitaji hata kufikiri. Akainama, akabaki ameinama, akiona tu vidole vya miguu ya Fumie ndani ya soksi zilizotiwa kiraka.

"Leo sitakuja kazini," akasema Fumie kwa upole. "Kesho sijui."

Mlango ukarudi mahali pake bila kishindo.

Nyumbani mito ya kukalia ilikuwa bado imetapakaa kama wageni walivyoiacha. Tokuji hakuiokota. Akaketi sakafuni, akapiga simu.

"Bibi Shigeno, una nafasi?"

"Kama kuna habari, ninayo. Sema haraka, za nani?"

Alisikia cherehani ikisimama upande wa pili.

"Zangu," akasema. "Na usimfiche mtu."