Mzinga wa Bi Mwanaheri

Mwaka 1953 mtaalamu wa nyuki wa serikali alitugawia viberiti vitupu sisi tisa wa chama cha wafuga nyuki hapa Bigwa. Kila mmoja apande mlimani, atie nyuki ishirini kutoka mizinga yake, aandike jina. Nyuki wa Uluguru walikuwa wanakufa, naye alitaka kuwapima kwa hadubini ajue wana ugonjwa gani.

Masika yale mvua haikutupa nafasi. Nani apande? Bi Mwanaheri, mjane, alikuwa na mzinga mmoja nyuma ya jiko lake. Uanachama tulimnyima, eti mwanamke hawezi kupanda mtini kutundika mizinga. Lakini tulimwendea mmoja mmoja, kwa shikamoo nyingi, tukajaza viberiti vyote tisa kutoka mzinga wake huohuo. Mimi Benedikto, karani, niliandika majina kwa mwandiko mzuri sana.

Baada ya mwezi mtaalamu akarudi amenuna. Nyuki wote wana ugonjwa uleule wa tumbo! Mizinga yote ya wanachama, sitini na minne, ichomwe kesho.

Mwenyekiti wetu, Ahmadi, alikaa chini bila kutafuta kiti. Ikabidi nikiri. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Huyo mama aje aseme mwenyewe," mtaalamu akaamuru.

Tulimfuata mbio. Alikuja taratibu, akijifunga khanga upya kila hatua tatu.

"Mama, nyuki hawa ni wako?"

"Nyuki? Mimi? Waulize hawa, Bwana. Si wanasema mwanamke hafugi nyuki?"

"Bi Mwanaheri, tuhurumie!" Ahmadi alinong'ona. "Unataka nini?"

"Jina langu daftarini. Na wangu ukichomwa, kila mmoja wenu anipe mzinga wenye asali."

Niliandika palepale. Alisubiri wino ukauke, ndipo akamgeukia mtaalamu.

"Ni wangu, Bwana. Wanakufa tangu vuli."

Mtaalamu alipima upya, safari hii akisimama mwenyewe chini ya kila mti, sisi tukipanda huku mvua ikitunyeshea. Mizinga ya msituni ilikuwa mizima. Wa Bi Mwanaheri ukachomwa. Alilia kidogo, nami nikamwonea huruma ya kweli.

Siku ya kulipa nilimpelekea mzinga wangu mdogo kuliko yote. Aliugonga kwa kidole, akasikiliza.

"Huu rudi nao, karani," alisema. "Twende mlimani nikachague. Mtini nitapanda mwenyewe."